Kwa mnaoanza kuongoza wageni Amani

Umetoka chuoni, umekariri Serengeti na Ngorongoro, ukapangiwa Amani, msitu wa milima ya Usambara hapa Tanga. Cha kwanza: simba msahau. Mwaka wangu wa kwanza niliwapokea wageni wawili pale geti la Zigi nikawajaza hadithi za chui. Tulipanda mpaka juu bila kuona hata unyayo. Walirudi Muheza wamenuna, na haki yao.

Utajiri wa Usambara una umbo dogo. Safu yetu, Tao la Mashariki, inaanzia milima ya Taita kule Kenya na kuteremka mpaka Udzungwa na Mahenge. Upepo wa bahari umeinyeshea mvua miaka na miaka, ndiyo maana ina mimea na viumbe visivyopatikana kwingine. Ua la Usambara, lile la zambarau linalooteshwa madirishani Ulaya, mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga. Mgeni mwoneshe likiwa limeng'ang'ania jiwe lenye ukungu karibu na kijito, kisha unyamaze. Aliangalie mwenyewe.

Usiku ndiyo shughuli yenyewe. Kinyonga akilala hupauka, hivyo tochi humwona haraka kuliko jicho la mchana. Huwa kwenye ncha kabisa ya kijiti, mkia umejikunja. Usitikise tawi, atajiangusha kwenye majani na hutamwona tena. Suruali iingie ndani ya soksi. Siafu hawaulizi cheo.

Halafu msichanganye mamlaka. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza nchini kupewa hadhi hiyo, mwaka 1997, na iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu, kama Magamba na Nilo. Mkomazi na Saadani ni hifadhi za taifa, hizo za TANAPA. Kibali cha huku hakikuingizi kule. Nimewahi kumuona mwenzetu akibishana getini na karatasi isiyo yake, wageni wamekaa juani.

Wageni wa Tanga mjini ndio wagumu. Watakuuliza msitu unawahusu nini. Wapeleke mtoni. Maji ya Zigi huteremka mpaka bwawa la Mabayani, na kutoka hapo huenda kwenye mabomba yao. Mama mmoja wa Chumbageni nilipomwambia hivyo aliinama, akanawa uso, akasema, "Kumbe bili yangu inaanzia hapa."