Kwa nini nisiolewe na mtu wa kika changu, yaani ukoo wangu? Mwalimu anajibu maswali yenu ya mila

Haya, mwezi huu mmeniandikia sana, na wengine mmetuma voisi za watsapu mtu anaongea dakika sita halafu mwishoni anasema "basi Mwalimu, umenielewa". Sikukuelewa. Nimechukua nne zilizoeleweka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Bwera, huko Kasese, nimeingia yunivasiti hapa Kampala mwaka wa kwanza, na kwenye masomo wametuwekea anthropolojia, lekchara kila siku ni Malinowski tu. Likizo nikamwambia mzee nasoma mila za watu, akacheka akasema hizo si angenifundisha yeye bure? Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba. Mzee acha acheke, karo anatoa yeye. Lakini angalia hivi: kama jina lako ni Bwambale, mimi hapa nilipo bila kukuona najua kwenu Wakonzo wewe ni mtoto wa kiume wa pili, na ukivuka mpaka kwa Wanande wa Kongo huyo wa pili anaitwa Kambale. Hilo mzee analijua tangu azaliwe. Sasa muulize mbona kwenu majina yanafuata foleni ya kuzaliwa na Baganda wanagawa majina kwa ukoo, jina la ukoo huu mtu wa ukoo mwingine halichukui. Akianza kukuna kichwa na kulinganisha, basi na yeye ameingia darasani.

Na huyo Malinowski wala usimchoke mapema. Alikuwa Mpolandi, Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkuta upande wa Pasifiki, akaenda kukaa visiwa vya Trobriand kwa vipindi kati ya 1915 na 1918, akapiga hema kijijini, akajifunza lugha yao. Kabla yake wasomi wengi walikuwa wanakaa kwenye veranda ya afisa wa serikali wanaitiwa wazee, au hawatoki Ulaya kabisa, wanasubiri barua za wamisionari.

Tofauti yake utaiona kwenye steji ya boda. Ukienda na karatasi yako ya maswali cheamani, mwenyekiti wa steji, atakuambia abiria ni kwa foleni, kuna kiingilio, mwenzetu akifiwa tunachanga, unaandika, unashukuru, unaondoka. Sasa kaa pale miezi mitatu. Utaona kuna jamaa foleni haimgusi kwa sababu pikipiki anayoendesha ni ya cheamani mwenyewe, kuna kijana amelipia rolex, ile chapati ya mayai, ya mwenzake siku nne mfululizo na hakuna aliyeuliza, na ule mchango wa maziko ndio unaoamua nani ni mtu wa steji na nani anapaki tu hapo. Hayo hawakukuficha, ni kwamba kwao si habari. Watu wanachosema wanafanya na wanachofanya havilingani kila siku, na vyote viwili ndivyo unavyotakiwa kuandika.

SWALI: Mwalimu nisaidie. Mimi na jamaa yangu tuna miaka miwili, juzi nikampeleka kwa ssenga, shangazi yangu, amsalimie kabla ya mambo ya kwanjula, siku ya kumtambulisha kwetu, ssenga akamuuliza kika, akasema Nsenene. Na mimi ni Nsenene! Ssenga alikuwa anamimina chai, akairudisha kwenye birika. Yeye kwao Masaka mimi Mukono, hakuna anayemjua ndugu wa mwenzake hata mmoja. Hii si ushamba tu?

JIBU: Banange, hiyo chai iliyorudi birikani imenifika hapa. Pole dada.

Kwanza ushamba hapana. Hakuna jamii inayojulikana isiyokuwa na maharimu, yaani watu ambao huoi na huolewi nao, ila mstari kila watu wanauchora pao. Niliwahi kuishi Mombasa, Mji wa Kale, nikaalikwa harusi ambayo bwana na bibi baba zao ni ndugu wa tumbo moja, na watu wanafurahi, wanasema mtoto wa ami unamjua, mali haitoki nje. Mimi Muganda nimekaa pale na sahani ya pilau mkononi naangalia mlango! Na mama mmoja nilipomwambia kwetu mtu wa ukoo wangu hata awe wa mbali vipi simwoi, na wa ukoo wa mama yangu pia simwoi, akanitazama kwa huruma akaniuliza, sasa mnaoa nani?

Jibu ni kwamba tunaoa wengine wote, na ndiyo nia yake. Mfaransa Claude Lévi-Strauss mwaka 1949 aliandika kwamba huo mwiko usiuone kama kizuizi peke yake, unawalazimisha watu watoke nje wakatafute wakwe, na wakwe ndio wanaofunga jamii pamoja. Wenzake wamembishia mengi, hasa vile alivyoongea kama vile wanawake ni vitu vya kubadilishana, na hapo nawaunga mkono. Lakini kaa kwenye kwanjula uangalie vikapu vinavyoingia, gomesi na kanzu pande mbili, watu ambao asubuhi hawakujuana jioni wanaitana muko, yaani shemeji, utaona mzee alikuwa na pointi.

Halafu hilo la Masaka na Mukono. Kika kimejengwa kama nyumba. Juu kabisa ni kasolya, ncha ya paa, anakaa mkuu wa ukoo. Chini yake kuna masiga, na siga ndilo hilo hilo figa letu, jiwe la jikoni. Halafu mituba, ule mti wa kutoa nguo za magome, halafu nyiriri, yaani mistari, halafu luggya, ua wa nyumbani. Nyinyi mnatazama ua tu, mnaona hamjuani. Ssenga anatazama paa. Kwake huyo kijana ni kaka yako, akikuletea barua ya posa ni sawa na kuletewa na kaka wa tumbo moja. Na ndio maana nyote wawili Novemba, wakati Kampala nzima inakaanga nsenene, wale panzi, hamzigusi, huo ndio muziro wenu, mwiko wa ukoo.

Niwaamulie? Hapana, mimi si owakasolya, yule mkuu wa ukoo. Ila kabla hamjalia, kila mmoja akaulize kwao siga lake na mutuba wake kwa majina, maana kuna watu walilelewa kwa mjomba wakabeba kika kisicho chao na hawajui. Ikithibitika kweli nyote ni Nsenene, usitegemee ssenga amimine ile chai.

SWALI: Mwanangu wa P3, darasa la tatu, ameandika kwenye homuweki baba yake mdogo ni "anko". Bibi yake amenuna wiki nzima. Nani yuko sawa?

JIBU: Bibi. Anko wa Kiingereza anabeba mjomba na baba mdogo kwenye gunia moja, sisi hatuchanganyi. Mwanasheria mmoja wa Marekani, Lewis Henry Morgan, aliliona hilo kwa Wairoquois, wenyeji wa asili wa huko kwao, ndugu wa baba naye anaitwa baba, akaenda kukusanya maneno ya undugu ya dunia nzima, akayachapa 1871. Baba mdogo ni baba, siku hayupo mkubwa karo atadaiwa yeye. Mwalimu wa shule mpe maksi zake, nyumbani mtoto aseme baba.

SWALI: Mimi ni wa Kaabong, Karamoja. Kuna mtu amenitumia maandishi ati majirani zetu Waik hawana upendo, wananyang'anya wazee chakula mdomoni. Ni kweli?

JIBU: Hayo yametoka kwa Colin Turnbull, Mwingereza, alikaa nao katikati ya miaka ya 1960 akachapa kitabu 1972. Huyu huyu aliwahi kuandika kwa mapenzi makubwa kuhusu Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuchukia watu hivi hivi. Lakini kwa Waik alifika wakati wa ukame na njaa, na kuwinda kwenye hifadhi ya Kidepo walikuwa wamekatazwa. Alichokiona akakiandika kama ndiyo tabia yao, akafika mpaka kupendekeza kwa serikali watawanywe vikundi vikundi mbali mbali, wasiwe tena watu wa pamoja. Hapo mimi namkasirikia mpaka leo. Miaka ya 1980 Mjerumani Bernd Heine, mtu wa lugha, akaenda huko huko akakuta watu wanaosaidiana, akaandika waziwazi kwamba picha ile hakuitambua, na lugha yenyewe Turnbull hakuielewa vizuri.

Sasa fikiria mgeni angeshuka Kampala Aprili 2020, wakati wa lokidauni ya korona, akae wiki tatu arudi kwao kuandika: watu wa huku hawapeani mikono, hawatembeleani, wakizika wanaenda wachache, na boda zao hazibebi watu, zinabeba mizigo tu.