Kashata zimejaa, lakini mpira umezeeka

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Premio yenye matairi ya 195/65R15. Niliyonayo yamebaki vipara, mvua ikinyesha gari linateleza. Natoka Morogoro kwenda Iringa kama mara mbili kwa mwezi, mara nyingi nikiwa na familia. Muuzaji ameniwekea matairi manne ya mtumba kutoka Japani. Anasema ni ya misimu yote, yana alama ya M+S, na kashata, yaani yale meno ya mpira yanayogusa barabara, zimejaa kama mapya. Bei yake ni nusu ya mapya ya Kichina. Niyachukue? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Usiyachukue, ndugu yangu. Kabla hujamrudishia jibu huyo muuzaji, piga tochi ubavuni utafute vitu vitatu: neno STUDLESS (yaani tairi la theluji lisilo na misumari), mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, na herufi inayofuata namba ya uzito. Ukikuta imeandikwa 91Q, basi umeshikishwa tairi la theluji. Herufi Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, na ni herufi ya kawaida kabisa kwa matairi ya baridi ya Kijapani. Kashata zake pia zinajieleza: kila moja imechanwachanwa michirizi myembamba ya kupindapinda, mingi kama meno ya kitana.

M+S maana yake ni matope na theluji, basi. Alama hiyo hukaa kwenye tairi la misimu yote na kwenye tairi la theluji vilevile, kwa hiyo peke yake haikuthibitishii maneno ya muuzaji. Wala haina maana kwamba tairi ni imara kwa barabara mbovu, kama wengi wanavyoambiwa dukani.

Sasa jiulize kwa nini kashata zimejaa. Kule Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na mikoa mingine ya theluji, mwenye gari huwa na seti mbili. Ile ya baridi huifunga miezi michache tu kwa mwaka, kisha huivua. Baada ya misimu kadhaa mpira unaanza kuwa mgumu na hauishiki tena barafu, hivyo anaitupa hata kama kashata bado ni ndefu. Tairi limekataliwa kwa uzee, linafika kwetu linasifiwa kwa kashata. Kile unachoonyeshwa kama ubora ndicho kilichopaswa kukutia shaka.

Na hata lingekuwa jipya, tairi la theluji halifai njia yako. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini chini ya nyuzi sifuri. Ukiuweka kwenye lami ya Mikumi saa saba mchana, zile kashata zilizochanwachanwa zinayumba kila zinapogusa barabara, na kule kuyumba kunazaa joto juu ya joto la lami. Zinalika upesi, gari linachelewa kusimama ukikanyaga breki, na usukani unakuwa mzito wa kuitika kwenye kona za Kitonga. Hata Njombe na Makete, ambako Juni na Julai asubuhi unaweza kukuta jalidi kwenye majani, hakuna barabara inayohitaji tairi hilo.

Lakini kosa ninalolipigia kelele zaidi ni hili la kupima tairi kwa kashata peke yake. Kashata zinakuambia jambo moja tu: tairi litatoa maji kiasi gani barabara ikilowa. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha takriban milimita 8, na ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira. Kashata zikilingana navyo zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Afya ya mpira ni suala jingine kabisa. Mpira huchanganywa na dawa za kuuzuia usiliwe na hewa, na dawa hizo huisha kadiri miaka inavyopita, tairi likitembea au likining'inia dukani. Joto na jua vinaharakisha.

Ndani ya tairi kuna mikanda miwili ya nyaya za chuma, mmoja juu ya mwingine. Mpira ukikauka, ufa mdogo huanzia kwenye kingo za mikanda hiyo, mahali ambapo jicho halifiki. Gari likiwa na watu watano na mizigo, mwendo wa 100, jua la mchana, ule ufa unatambaa mpaka gamba lote la kashata linaachana na tairi. Dalili huja dakika chache kabla: mtetemo mpya kwenye usukani au kiti, au mlio wa kugongagonga unaofuata mzunguko wa gurudumu. Ukiusikia, shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, usikanyage breki ghafla, toka barabarani. Wenye gari wengi husema walifikiri ni balansi.

Umri unausoma hivi. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. 3817 ni wiki ya 38 ya mwaka 2017. Mara nyingi tarehe huandikwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo usipoiona geuza. Ikiwa imekwanguliwa, au ukiona tarakimu tatu tu (hilo ni la kabla ya mwaka 2000), ondoka hapo dukani. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafika miaka mitano, na liondolewe likifika kumi hata kama ni zima machoni, spea ikiwemo. Watengenezaji wa magari kadhaa wanasema sita. Kwa joto letu, mimi nashika sita.

Kwa Premio yako nunua mapya, 195/65R15, uzito 91 (kilo 615 kwa kila tairi), herufi T, H au V. Yawe yametengenezwa ndani ya miaka miwili iliyopita. Tairi "jipya" lililokaa dirishani miaka mitano si jipya. Kama yana daraja za soko la Marekani ubavuni, tafuta TEMPERATURE A (kuhimili joto) na TRACTION A (kushika barabara iliyolowa). Usidharau la Kichina kwa sababu ya jina: la bei ya wastani la mwaka jana ni salama kuliko la jina kubwa la mwaka 2014. Tairi jipya la misimu yote lisilo na ule mchoro wa mlima linafaa, ila usiongezewe bei kwa sifa hiyo. Misimu yetu ni ya mvua na jua, na tairi la kawaida la kiangazi linaimudu yote miwili. Ukiambiwa 195/60R15 "ni ileile," kataa: kipenyo kinapungua kwa karibu asilimia 3, gari linashuka na kipimo cha mwendo kinasoma uongo.

Kama fedha inatosha mawili tu, nunua mawili na uyafunge nyuma. Najua Premio inavuta kwa mbele na fundi atataka kuyaweka mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji, gari linanyooka na unaachia mafuta. Nyuma ikiteleza, gari linageuka na dereva wa kawaida halirudishi.

Siku ya kufunga, dai valvu mpya, balansi kwa kila gurudumu na alaimenti. Nati zikazwe kwa kuvuka (moja, kisha ya mkabala wake), spana ya kipimo isome Nm 103, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, siyo namba ya ubavuni ambayo ni kikomo cha tairi lenyewe. Kibandiko cha Kijapani huandika kPa: 220 ni psi 32, 230 ni psi 33. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukiwa safarini limepata moto na limepanda psi 4, liache. Wanaopunguza upepo njiani "lisipasuke kwa joto" wanafanya kinyume kabisa, kwa sababu ubavu wenye upepo mdogo unakunjika zaidi na kukunjika ndiko kunakozalisha joto.

Nawaomba na wasomaji wengine mnisikilize, maana mtumba wa theluji ni mlango mmoja tu wa hatari hii. Wapo wanaochonga mifereji upya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililokwisha. Tairi la gari dogo halina nyama ya kuchongwa. Chini ya mfereji imebaki ngozi nyembamba juu ya chuma, kisu kikiipunguza maji yanaingia na nyaya zinashika kutu. Wapo wanaopaka dawa nyeusi ya kung'arisha ili nyufa zisionekane: futa ubavu kwa kitambaa chenye sabuni, ukunje kwa vidole viwili, nyufa zitafunguka. Wapo wanaotia tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu ili kuficha ubavu uliochanika. Tyubu inasuguana na tairi, inapata moto, na ikitoboka upepo wote unatoka mara moja badala ya kuvuja taratibu. Pancha inayozibika ni ile ya katikati ya kashata, tundu lisizidi milimita 6, na lizibwe kwa kiraka chenye umbo la uyoga kutoka ndani. Ubavu hauzibwi. Na kuhusu nitrojeni ya kulipia, hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya nitrojeni. Nunua geji ya upepo kwa fedha hiyo.

Matairi yako ya sasa ukishayavua usiyaache gereji yakiwa mazima. Chukua kisu imara, chana ubavu wa kila moja mbele ya fundi, mpasuko wa kutosha mkono kupita. Yakibaki mazima, wiki ijayo yatakuwa yamechongwa, yamepakwa dawa nyeusi, na yananing'inia mahali akisubiriwa mtu mwingine mwenye safari ya Iringa.