Tubuni dhambi zenu, au zitubieni?

SWALI: Mimi ni katibu wa kwaya hapa Masasi, mkoani Mtwara. Kwa ajili ya mkutano wa injili tumeandika kwenye kitambaa: «Tubuni dhambi zenu, hukumu imekaribia.» Mwalimu mmoja anasema tulipaswa kuandika «zitubieni». Mwinjilisti wetu anapinga. Kwake kutubia ni kutubu kwa niaba ya mtu mwingine. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu ndiye aliye karibu zaidi na Kiswahili cha maandishi, ingawa nisingethubutu kusema kwamba maneno yenu hayaeleweki, kwa kuwa «tubu dhambi zako» husikika kila Jumapili kutoka Masasi hadi Lindi mjini, na hakuna anayepotea.

Kutubu ni kitenzi kinachojitosheleza: mtu anageuka na kuuacha uovu, basi. Ndiyo maana Yohana Mbatizaji, katika Mathayo 3:2, anasema «Tubuni» bila kutaja kosa lolote. Kosa lenyewe likitajwa, kitenzi huhitaji kauli ya kutendea ili kilibebe, nayo ni kutubia, kama vile kujuta kunavyozaa kujutia. Petro anamwambia Simoni mchawi, «tubia uovu wako huu» (Matendo 8:22). Ushahidi ulio bora kuliko wote, kwa maoni yangu, umo katika Ufunuo 2:21, ambako kanisa la Thiatira linaambiwa habari za yule mwanamke Yezebeli. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inasema: «Nami nimempa muda ili atubu, wala hataki kuutubia uzinzi wake.» Ndani ya sentensi moja zimo kauli zote mbili, na kila moja imekaa mahali pake: muda umetolewa ili atubu tu, lakini anachokataa kukiacha kimetajwa kwa jina, na hapo hapo kitenzi kikabadilika. Sura ya 16 inafuata utaratibu huo huo. Kitasa cha nne, yaani bakuli la nne la ghadhabu ya Mungu, kinapomiminwa juu ya jua, watu wanaungua «wala hawakutubu». Kitasa cha tano kinapomiminwa juu ya kiti cha enzi cha mnyama, «hawakuyatubia matendo yao».

Hoja ya mwinjilisti haikutoka hewani, kwa sababu kauli ya kutendea mara nyingi huonyesha anayefanyiwa jambo: kumpikia mgeni, kumlimia mjomba. Hata hivyo, kauli hiyo ina kazi nyingine pia, ikiwamo kuonyesha sababu ya tendo, na ndiyo tuliyo nayo tunaposema kwamba mtu amefia dini au kwamba watoto wanagombania embe. Katika kutubia, kinachofuata ni kosa, si mtu. Anayetaka kuwaombea toba wazee wake na aandike waziwazi «kutubu kwa niaba ya wazee», maana «kuwatubia wazee» kungeweza kusomeka kana kwamba wazee wenyewe ndio dhambi.

Kuhusu «imekaribia», msibadili kitu. Kiambishi -me- kinafaa kwa jambo lililokwisha kufika karibu, na Ufunuo 14:7 unakwenda mbali zaidi unaposema saa ya hukumu «imekuja».

Nafurahi, kwa njia, kwamba swali hili limetoka Masasi. Edward Steere, askofu aliyewaongoza watumwa waliokombolewa kuja kufanya makao huko mwaka 1876, alikuwa pia mwanasarufi wa Kiswahili, na ubishi wa kauli ya kutendea usingemchosha.

Kama rangi haijakauka, andikeni «Zitubieni dhambi zenu, hukumu imekaribia». Kama imekauka na kitambaa kingine hakipo, futeni «dhambi zenu» na mbakize «Tubuni, hukumu imekaribia». Ni fupi, ni sahihi, na abiria aliye ndani ya basi ataimaliza kuisoma kabla basi halijapita.