Muulize Fundi: Ukosi wa Koti

Maswali ya safari hii ni ya ukosi wa kifuani, ile sehemu ya mbele ya koti inayogeuzwa nje kutoka shingoni hadi kifungo cha juu.

Fundi, nimenunua koti la mtumba Kariakoo. Nimelifua, ukosi umetoka malengelenge. Nimeliunguza na pasi?

Pole sana, mdogo wangu. Hujaunguza kitu, gundi imeachia. Makoti mengi ya kiwandani kitambaa kigumu cha ndani hubandikwa kwa gundi. Likiloweshwa, gundi inabanduka hapa na pale na kitambaa cha juu kinafura. Atakayekuahidi kulirudisha lilivyokuwa, usimpe pesa yako.

Koti la kushonwa kwa mkono huwekwa ndani kitambaa chenye singa za farasi. Fundi anakishika kwenye ukosi kwa mishono midogo mamia kwa mamia, huku ameukunja ukosi kidoleni, kwa hiyo mkunjo unazaliwa nao. Kazi hiyo naiheshimu mno. Siku nyingine sokoni, finya kifua cha koti, utenganishe kitambaa cha juu na bitana. Ukisikia tabaka la tatu linateleza katikati, chukua.

Mimi ni mfupi, mwembamba, na naoa Desemba. Msimamizi wangu anataka ukosi mpana uliochongoka. Nimsikilize?

Nusu. Ncha zilizochongoka huelekea mabegani, zinalinyanyua jicho la anayekutazama, nawe unaonekana mrefu. Huo upana ukatae. Pima kutoka shingoni hadi ukingo wa bega. Ukosi uishie katikati. Tazama picha za harusi za miaka ya 1970: kosi pana zilimeza vifua vya vijana wembamba.

Kile kitundu upande wa kushoto ni cha nini?

Zamani koti lilifungwa hadi shingoni, na hicho ni kitundu cha kifungo kilichobaki. Bwana harusi apitishe ua hapo. Geuza ukosi: makoti mengine yana kitanzi cha uzi cha kushika kikonyo.

Mke wangu anaupiga pasi ukosi mpaka unalala bapa. Ni sawa?

Hapana, shemeji yangu aache, tafadhali. Apige upande wa nyuma, juu ya kitambaa chenye unyevu, na pasi isimame vidole vitatu kabla ya kifungo. Pale pa chini apaviringishe kwa kiganja kungali na joto, kisha alitundike koti kwenye henga nene.