Hela za UVIKO: mimi nilizila, na bado nilidhani sikuziona

Mleta mada ameuliza mambo mawili: zile shilingi trilioni 1.3 za UVIKO, yaani za korona, zilimfaidisha nani, mbona mtaani hatukuziona? Na je, si bora wangetugawia taslimu? Nimesoma majibu yote, wengi wamekimbilia neno moja tu, "zimepigwa". Mimi najibu kwa nilichokiona, maana kwenye hizo hela nilikuwemo. Msinifikirie vibaya, sikuwa afisa. Nilikuwa fundi mwashi.

Kwa waliosahau: Septemba 2021 IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, waliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25, ndizo hizo trilioni 1.3, na Oktoba 10 Rais Samia akazindua mpango wenyewe Dodoma. Kilichoonekana zaidi ni madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (zile ndogo za matawi ya shule mama), kila darasa milioni 20 pamoja na viti na meza zake. Walitaka Januari 2022 watoto wote waliofaulu la saba waingie kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja, asiwepo wa kubaki nyumbani akisubiri chaguo la pili. Mkandarasi hakuwepo. Ilikuwa fosi akaunti: shule inaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, vifaa wananunua wao, fundi wa hapohapo anapewa kazi ya ufundi tu.

Kwetu, kata moja mkoani Shinyanga, yalishuka madarasa mawili na nikayapata mimi. Nilikuwa na mafundi wanne na vibarua tisa. Wiki ya kwanza tu, pale kwenye msingi, nilihesabu watu ambao mwezi uliotangulia walikuwa wanashinda kijiweni wakicheza bao: wa kusomba maji kwa mkokoteni, wa kuponda kokoto, dereva wa tripa ya mchanga na tingo wake, mchomeleaji wa fremu za viti. Mama ntilie mmoja akahamishia mafiga yake chini ya mwembe wa shule, akafungua daftari la madeni. Kila Jumamosi nikilipa vibarua, yeye anakaa pembeni na daftari lake, hela haifiki mfukoni.

Ila kuna jambo wanaotetea huu mpango hawalisemi. Nchi nzima ilikuwa inanunua saruji, nondo na bati ndani ya miezi ileile. Pale kwetu mfuko wa saruji ulikuwa unapanda bei huku tunauangalia. Sasa fikiria: milioni 20 haiongezeki, bati huwezi kuezeka nusu, viti lazima viwepo maana vitahesabiwa. Kinachobaki cha kukatwa ni nini? Ufundi. Kamati ikaniita, mwenyekiti akaniambia "fundi, jitolee kidogo, ni watoto wetu hawa". Nikashuka. Nami nikawashusha vibarua. Kwa hiyo mkuu uliyeandika kwamba hela iliishia kwa wenye maduka ya vifaa hujakosea sana, japo mimi nadhani ilipita kwetu kwanza, ikatuachia cha kula.

Kuhusu kutoiona, huyo mama ntilie ndiye mfano wangu. Desemba ile aliezeka upya chumba chake, mabati sita nilimpigilia mimi mwenyewe. Mwaka uliofuata tuko kwake tunakunywa chai, redioni wanataja UVIKO, akasonya: "Hela za korona? Labda huko Dodoma." Hakuwa anadanganya. Kwake yale mabati ni ya ubwabwa wake na jasho lake, na ni kweli ni jasho lake.

Baba yangu alikuwa hivyohivyo mwaka 2009. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka kwa ule mtikisiko wa dunia, Kikwete akatangaza Dodoma mpango wa kunusuru uchumi, kama trilioni 1.7. Sehemu yake ikaenda kuwafidia wanunuzi wa pamba waliopata hasara msimu wa 2008/09. Mzee mpaka leo anasema waliosaidiwa ni matajiri. Ukimwuliza kama bila fidia hiyo mnunuzi mwenye deni benki angerudi kijijini msimu uliofuata, ananyamaza, halafu anarudia palepale: waliosaidiwa ni matajiri.

Na si sisi tu. Marekani mwaka huohuo Obama alipunguza kodi ya wafanyakazi, lakini nafuu ikaingizwa kidogokidogo kwenye mshahara. Mwaka mmoja baadaye kura ya maoni ikakuta asilimia 12 tu ndio wanaojua kwamba kodi ilipungua. Trump yeye 2020 jina lake lilichapwa kwenye hundi za dola 1,200. Nani alikumbukwa? Ndiyo maana wanasiasa wetu wanapenda kitu cha kuonekana, darasa kuliko kugawa posho. Darasa unalipiga rangi, unalizindua, unapiga nalo picha.

Hata hilo darasa nalo halikueleweka ni la nani. Tozo za miamala ya simu zilikuwa zimeanza Julai, serikali ikasema nazo zinajenga madarasa na vituo vya afya, basi mtu akipita pale anasema "hii tozo yangu hii". Mwishoni mwa Desemba, sisi tuko kwenye rangi, Spika wa Bunge, Ndugai, akahoji hadharani hii mikopo, akaonya nchi itakuja kupigwa mnada. Januari 4 Rais akamjibu, siku alipopokea taarifa ya matumizi ya hizo hela, na Januari 6 Ndugai akajiuzulu uspika. Kijiweni walimshangilia Ndugai kwa ule mnada. Kwamba kwenye maneno yaleyale alikuwa anatetea tozo, hakuna aliyetaka kulisikia.

Taslimu? Mimi ningependa mchanganyiko, na zaidi ningependa wasinunue saruji ya nchi nzima kwa mkupuo. Lakini darasa lipo, mtoto wa dada yangu alianzia humo, siwezi kulitukana.

Malipo yangu ya mwisho yalichelewa hadi Februari kwa sababu ya saini za hapa na pale, yakaja yamekatwa kodi ya zuio. Nililipa deni la duka la dawa na michango ya shule. Mke wangu akauliza zimetoka wapi, nikamwambia hela ya ufundi. Neno UVIKO halikunijia hata akilini.