Safari ya magari matatu kwenye pwani ya jangwa

Ndugu yangu, nimekuelewa: mko watu kumi, magari matatu, siku nne, na hakuna kati yenu aliyewahi kuendesha mchangani. Inawezekana, ila msiende bila dereva mzoefu wa eneo hilo.

Kinachonitia hofu zaidi ni bahari. Ufuo mgumu maji yakipwa huwavutia madereva, halafu maji hujaa na gari limeshazama. Angalieni jedwali la saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuondoka, na mkumbuke bamvua, yaani maji kujaa kupita kawaida, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mahema yawe juu kabisa ya alama ya maji kujaa. Nimewahi kuchimba gari usiku mawimbi yakigusa magurudumu. Sikutakii hali hiyo. Uwanda wa chumvi nao uzungukeni, hata ukionekana mkavu, kwa sababu chini huwa ni tope.

Punguzeni upepo wa tairi hadi kama psi 18, na mbebe pampu ya kuurudisha. Maji ya kunywa, angalau lita 5 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili. Mchanga hula mafuta sana, kwa hiyo bebeni ya ziada.

Mtandao hautakuwepo: kodisheni simu ya setilaiti, na mwachieni mtu nyumbani ratiba yenu.

Mwenye presha, kisukari au mimba amwone daktari kwanza. Mtu akichanganyikiwa kwa joto, mpoozeni kwa maji papo hapo na mwombe msaada wa dharura.