Uwiano huu na ule ni sawa? Majibu kwa wasomaji

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita kaulizwa kama 6:8 ni sawa na 9:12. Kajibu hapana, eti 6 haiingii kwenye 9. Nimwelezeje? (Mzazi, Morogoro)

Marahaba. Si lazima 6 iingie kwenye 9. Arahisishe kila uwiano peke yake: 6 na 8 azigawanye kwa 2, 9 na 12 azigawanye kwa 3. Kote atapata 3:4, basi ni sawa. Namba zikiwa ngumu kurahisisha, azidishe za pembeni, 6 × 12 = 72, halafu za katikati, 8 × 9 = 72. Zikilingana, uwiano ni sawa. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, alithibitisha hilo Aleksandria, Misri, miaka 300 hivi kabla ya Kristo.

Lakini nakuomba, usimpe kanuni bila sababu yake. Aandike sehemu 6/8 na 9/12, kisha azipe asili (namba ya chini) moja, 8 × 12, yaani 96. Ya kwanza itakuwa 72/96, ya pili nayo 72/96. Hapo ataona 72 zile mbili zimetoka wapi.

Nashona bendera za Taifa. Ninayo ya sentimita 60 kwa 90. Mteja anataka kubwa zaidi, nikaongeza 30 kila upande. Uwiano si umebaki uleule? (Fundi cherehani, Tanga)

Umebadilika, fundi. Bendera ya Tanzania ni 2:3, na 60:90 inakubali. Ukijumlisha 30 kote unapata 90:120, ambayo ni 3:4, umbo la bendera ya Kongo ya Kinshasa. Pima: 2 × 120 = 240, ila 3 × 90 = 270. Hili ndilo kosa linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu linaonekana la haki: kila upande umepewa sawa. Uwiano haulindwi kwa kujumlisha, unalindwa kwa kuzidisha. Kimo kikiwa 90, yaani 60 mara moja na nusu, urefu nao uende mara moja na nusu: 135.

Zege la 1:2:4, nimetia ndoo 3 za saruji, 6 za mchanga, 10 za kokoto. Sawa?

Hapana. Saruji na mchanga viko sawa, lakini kokoto zilitakiwa ndoo 12. Namba zikiwa tatu, pima jozi moja moja.

Gramu 250 za sukari kwa lita 1, na kilo 1 kwa lita 4, ni uwiano mmoja?

Ndiyo, ukishageuza kilo kuwa gramu 1,000. Usizidishe chochote kabla vipimo havijafanana.

Bodaboda kanitoza sh 3,000 kwa kilomita 2, na sh 7,000 kwa kilomita 6. Bei inafuata umbali?

Inapanda na umbali, lakini si kwa uwiano sawa: 2 × 7,000 ni 14,000, na 3,000 × 6 ni 18,000. Kwa bei hizo, ni kama anatoza sh 1,000 ya kuanzia safari, kisha sh 1,000 kila kilomita. Ile ya kuanzia ndiyo inayovuruga uwiano.